Dawa ya Kabla ya Kisu

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye daktari amemwambia kwamba atapasuliwa tumbo, naye amerudi nyumbani akakaa kitandani bila kuvua viatu. Mimi nilikaa hivyo. Leo nimekaa mbele ya cherehani yangu hapa Kikula, Likasi, ninagombana na wateja wanaoleta kitambaa Ijumaa na kutaka nguo ya harusi Jumamosi, ninakula bukari, ugali wetu, na sombe la majani ya muhogo, na kovu langu huniwasha mvua inapokaribia. Udaktari siujui na sitaufundisha. Ninachokijua ni kungoja, kuogopa, na jambo moja kuhusu dawa ambalo nusura liniue, kwa sababu kila mtu aliambiwa isipokuwa yule aliyepaswa kuambiwa.

Ugonjwa ulianza mwisho wa mvua, katika miaka ile ambayo kiwanda cha shaba kilikuwa kinazimika kidogo kidogo na mshahara ukawa hadithi ya zamani. Asubuhi tumbo lilivimba, mchana lilikuwa gumu kama ngoma, na jirani mmoja akanipongeza. Nilimwambia kwamba nimezaa mara nne na sijaona bado mimba inayokuja kati ya chai na chakula cha mchana. Kisha nikaanza kutapika, na utani ukaishia hapo.

Mume wangu, Baba Nadine, alinikalisha nyuma ya baiskeli akanipeleka hospitali, akiisukuma kwa mikono badala ya kuipanda, kwa maana kila shimo la barabara lilinifanya nipige kelele. Hospitali yenyewe sitaitaja. Daktari mmoja mwembamba, tutamwita Daktari Mbuyu, alipitisha mpira mrefu kutoka chini, na hewa ikatoka kwa mlio ambao wodi nzima iliusikia. Muuguzi alicheka. Mimi pia nilicheka huku ninalia, maana raha ile sijapata nyingine ya kuilinganisha nayo.

Daktari alituambia kwamba utumbo wangu mkubwa ni mrefu kuliko wa watu wengine, na kwamba ulikuwa umejisokota. Baba Nadine akasema hilo halimshangazi, kwa kuwa hata ulimi wangu ni mrefu kuliko wa watu wengine. Daktari hakucheka. Alisema utajisokota tena.

Ulijisokota tena wakati wa kipwa, kiangazi chetu chenye baridi, asubuhi moja ya vumbi. Safari hii mpira haukupita upesi. Nilimwona daktari akitoka jasho ilhali sisi wengine tulikuwa tumevaa sweta. Hewa ilipotoka hatimaye, alikaa kwenye kitanda cha jirani akasema maneno ambayo bado ninayasikia.

"Mama Nadine, mara ya tatu sijue kama mupira utapita. Ile kipande ya utumbo inaweza kufa mule ndani. Inapashwa tuikate mbele ijisokote tena."

Ndipo nilipokaa kitandani na viatu vyangu.

Lazima nieleze hospitali ilikuwa namna gani siku zile, kwa wale waliozaliwa baadaye. Kuta zilikuwepo, vitanda vilikuwepo, na watu waliobaki walikuwa wanafanya kazi kweli. Lakini wengi hawakubaki. Mwaka ule watu wa Kasai walipofukuzwa wakalala kwenye gare, yaani stesheni, wakingoja treni ya kuwatoa kwetu, waliopanda hawakuwa wauza nyanya peke yao. Walipanda wauguzi, wakapanda wapimaji wa damu, akapanda hata daktari wa upasuaji. Waliobaki walikuwa na mikono mitupu, na kila kitu cha kumtibia mgonjwa kililetwa na familia yake. Glavu, uzi, sindano, maji ya kutundika, pamba, hata mafuta ya kuwashia jenereta na maji ya kunawia ya ndani ya madumu.

Vitu hivyo havikuachwa kabatini, maana kabati halikuwa na kufuli na kila kitanda kilikuwa na shida yake. Vilikaa ndani ya mfuko, na mfuko ulikaa kwa mlinzi wa mgonjwa, yule tunayemwita garde-malade. Ni yeye anayelala chini ya kitanda, anayepika nyuma ya wodi, anayekufulia nguo. Siku ya kupasuliwa husimama kwenye mlango wa chumba cha upasuaji na mfuko wake, muuguzi anaita kitu kimoja, yeye anatoa kitu kimoja. Hakuna anayeingiza mkono ndani ya mfuko isipokuwa yeye. Baba wa familia anaweza kuwa na kelele nyumbani kwake, lakini mbele ya mfuko ule hana neno.

Mfuko wangu aliushika dada yangu mkubwa, Yaya Colette, maana kwetu yaya ni dada mkubwa. Hakuna aliyejadili. Yaya alikuwa mfanyabiashara wa samaki. Alipanda malori mpaka Kasenga, akanunua samaki wabichi wanaotoka ziwani, akawapasua na kuwatia chumvi mwenyewe palepale, akarudi nao Likasi kuwauza sokoni. Mikono yake ilikuwa na nyufa za chumvi, na pua yake iliogopwa soko zima, kwa kuwa angeweza kupita mbele ya meza ya mtu na kumwambia samaki yupi ana siku nyingi. Alisali katika kanisa la sala ndefu na ngoma. Mimi nilibaki Mkatoliki, naye aliniombea kana kwamba Wakatoliki nao ni ugonjwa.

Ndiye pia aliyemlinda Dédé. Dédé alikuwa mdogo wetu wa mwisho. Alipasuliwa tumbo katika hospitali ileile, mwaka mmoja kabla ya treni, na kwa muda mfupi tulifikiri amepona. Kisha kidonda kilianza kutoa usaha, kikafunguka, na harufu ikafika mlangoni kabla hujamwona mgonjwa. Mimi nilikuwa nimejifungua na sikuweza kulala hospitali. Yaya alikuwa huko mpaka mwisho. Tangu hapo tukimtaja Dédé yeye husimama na kutafuta kitu cha kufagia.

Sasa sikilizeni kosa lilipoingia. Daktari Mbuyu alituita, mimi na Baba Nadine, ili atueleze. Yaya alikuwa sokoni. Daktari alichukua muda wake, ninamshukuru kwa hilo.

"Mu utumbo mukubwa muko buchafu mingi," alisema. "Pale tunapasula tu, buchafu inaweza kuingia mu nyama. Njo maana iko dawa ya kupatia mugonjwa mbele ya kisu. Inapashwa kuwa mu damu tayari pale naanza. Hapana nyuma. Mbele."

Baba Nadine akauliza, "Na kiisha opération, docta, tutamupatia nini?"

"Ya ile kazi, hapana kitu. Kama nakawia, naongeza ingine pale pale ku meza. Kama kilonda ni safi, kiisha pale ni mayi tu na kulala."

Tulitikisa vichwa. Nilielewa kabisa, na nikafikiri kwamba kwa kuwa nimeelewa mimi, basi mambo yameeleweka. Dawa yenyewe ilikuwa chupa ndogo za unga zenye vifuniko vya mpira, na Likasi nzima haikuwa nazo. Shemeji yangu anayefundisha upande wa Mulungwishi alizipata kupitia mtu aliyekwenda Zambia. Zilipofika, Baba Nadine alimkabidhi Yaya na kumwambia tu, "Yaya, hii njo dawa ya kilonda." Yaya alizifunga ndani ya kipande cha kitenge, kila chupa peke yake, akaziweka chini kabisa ya mfuko.

Tarehe yangu iliahirishwa, kisha ikaahirishwa tena. Mara mafuta hayapo, mara daktari ana mama wa kujifungua anayekufa. Nilikaa kwenye baraza pamoja na wengine, wote tukiwa na mifuko yetu, tukitazama mlango. Kila tumbo liliponiuma kidogo nilishika ukuta. Nilikonda mpaka pete ya ndoa ikawa inazunguka, nikaifunga kwa uzi. Nyumbani binti yangu Nadine aliacha shule ili awapikie wadogo zake, na Baba Nadine, aliyekuwa mpole miaka yote, alianza kubamiza mlango anapoingia. Ninamwelewa sasa. Wakati ule nilimjibu kwa maneno ambayo sitayaandika.

Jakaranda zilikuwa zimechanua nilipolazwa. Siku ya kuamkia upasuaji nilinyimwa chakula, nikapewa mchuzi mwembamba tu, na nikasafishwa tumbo kwa maji ya uvuguvugu mpaka nikajiona mtupu kama gunia. Kwenye kitanda cha pili alilala Mama Kisimba, aliyepasuliwa wiki za nyuma mahali pengine. Kidonda chake kilikuwa kinatoa usaha. Binti yake alikuwa akichoma majani ya mkaratusi ndani ya kopo kwa sababu ya harufu, lakini harufu ile haifichiki. Yaya alimtazama mchana kutwa. Jioni aliinamia sikio langu.

"Unaona, Véro? Bantu habakufaka mbele ya kisu. Banakufaka nyuma."

Kwamba watu hawafi kabla ya kisu, hufa baada yake: nilidhani ni woga tu unaosema. Nilimshika mkono nikasinzia.

Asubuhi walinilaza kwenye kitanda cha magurudumu wakanisukuma mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Baba Nadine alikuwa anabeba madumu ya maji kutoka bombani, maana maji ya hospitali yalikuwa yamekatika. Jenereta lilikuwa limeshaanza kunguruma nyuma, likila mafuta yetu. Muuguzi wa chumba kile, Mama Léonie, alisimama mlangoni akaanza kuita.

"Gants."

Yaya akatoa glavu.

"Fil."

Akatoa uzi.

"Sérum."

Akatoa chupa za maji.

"Sasa flacon za antibiotique."

Yaya hakusogea.

"Ile tutaitoa kiisha," alisema.

"Kiisha nini, mama?"

"Kiisha kumupasula. Pale kilonda itaanza."

"Docta anaiomba sasa."

Yaya aliufunga mdomo wa mfuko kwa mkono wake. "Basi haiko. Nilisahabu ku nyumba."

Nilikuwa nimelala chali, nikitazama dari lenye alama za mvua ya zamani. Nilijua kwamba anadanganya. Mama Léonie pia alijua. Aliingia ndani, na Daktari Mbuyu akatoka akiwa amevaa buti za mpira na aproni.

"Bila ile dawa sitafungula tumbo ya huyu mama," alisema. Hakupandisha sauti. "Nilishaona vile inaishaka. Kama haiko, mumurudishe ku kitanda, muzimishe groupe."

Wote tuliokuwepo tulijua maana yake. Jenereta likizimwa leo, mafuta yaliyokwisha kuungua yamepotea, na hakuna aliyejua ni lini tungepata mengine. Na tumbo langu halikuwa na kalenda. Lingeweza kujisokota kesho, na daktari mwenyewe alikuwa ameshasema kwamba mara ya tatu hajui.

Nilikasirika. Ninasema wazi, nilimkasirikia dada yangu kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Niliinuka kwa kiwiko.

"Yaya, iko mu mufuko. Ninasikia vile zinagongana."

Ni kweli, mikono yake ilikuwa inatetemeka na chupa zilikuwa zinalia ndani ya kitenge. Aliukumbatia mfuko kifuani.

"Véro, bakiimaliza leo, kilonda ikianza kunuka nitakupatia nini? Unijibu. Nitakupatia nini?"

"Docta alitueleza. Inatangulia."

"Docta wa Dédé hakusemaka vile."

"Docta wa Dédé alishaendaka. Huyu njo anashika kisu."

"Minye njo nitabaki na weye pale ba docta batalala kwabo," alisema. "Minye."

Daktari akatazama saa yake, kisha akatazama ukuta. Mama Léonie akaanza kugeuza kitanda changu. Nilisikia gurudumu likikwaruza sakafu, na sijui maneno yale yalinitoka wapi. Labda ni kwa sababu mikono ya Yaya ilikuwa karibu na uso wangu na ilinuka chumvi, kama siku zote. Nilipokuwa msichana nilikwenda naye Kasenga mara moja, na nilikuwa nimemshikia kisu.

"Yaya, kule Kasenga, samaki unaitiaka chumvi wakati gani?"

"Unaniuliza mambo ya samaki pa saa hii?"

"Unijibu."

"Wakati iko mubichi. Pale pale."

"Na kama unangojea inuke kwanza?"

"Ikisha kunuka, chumvi haisaidie tena kitu," alisema. "Unaitupa tu."

Alisema haraka, kama mtu anayejibu mteja mjinga. Kisha akautazama mfuko. Uso wake ulibadilika kwa namna ambayo sikuielewa. Nilifikiri ni hofu inayomtoka, na nikafurahi kwamba nimeshinda. Daktari akasema polepole, "Njo vile, mama. Njo vile kabisa." Yaya hakumtazama yeye wala mimi. Alipiga magoti sakafuni, akaondoa kila kitu kilichokuwa juu, akafungua kile kitenge, akampa Mama Léonie chupa moja moja mpaka zikaisha. Kisha akakunja kitenge kitupu akakiweka ndani ya blauzi yake.

Ndani walinitundikia maji, na nikaona unga ule umeyeyushwa ukiingia kwenye mshipa wangu. Daktari alisimama na mikono yake iliyovaa glavu imeinuliwa, akingoja dawa itembee. Halafu sindano ya usingizi ikaja, na dari likaondoka.

Niliamka na kiu ambayo sijapata kuiona. Maji yalikatazwa. Yaya alilowesha kitambaa akanipangusa midomo, akalowesha tena, akanipangusa tena, mpaka nikasinzia. Katika ugonjwa wote huo, kama mtu akiniuliza ni tendo gani jema ninalolikumbuka kwanza, nitataja kitambaa kile.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko upasuaji wenyewe, kwa sababu hakukuwa na la kufanya. Tulingoja vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa hewa. Daktari alisema sitakula mpaka nitoe hewa, ndiyo dalili kwamba utumbo ulioshonwa unafanya kazi. Kwa hiyo Baba Nadine, mtu mwenye haya, ambaye katika ndoa yetu yote hakuwahi kutaja jambo kama hilo, alikuja kila asubuhi akasimama miguuni pangu na kuuliza kwa sauti ndogo, "Imetoka?" Ilipotoka, alivua kofia yake. Binti wa Mama Kisimba alipiga makofi.

Cha pili kilikuwa harufu. Hiki hatukukitaja. Kila Mama Léonie alipofunua bandeji, Yaya alikuja upande ule, akainama mpaka uso wake ukakaribia ngozi yangu, akavuta pumzi. Pua ile ya sokoni. Kisha aliinuka, na mimi nilitafuta jibu usoni pake nisilipate. Tumbo langu lilikuwa na mshono mrefu kutoka juu ya kitovu mpaka chini, mweusi, mbaya, na nilishindwa kuutazama. Nilitazama uso wa dada yangu badala yake.

Siku moja nilitetemeka kwa homa. Mvua ya kwanza ilikuwa inapiga bati na nilikuwa nasikia meno yangu. Yaya alipandisha nguo yangu kabla muuguzi hajafika, akafungua bandeji kwa vidole vyake vyenye nyufa, akainama. Alikaa vile muda mrefu. Nilimsikia anavuta pumzi mara moja, na mara nyingine. Nilimwaza Nadine jikoni, nikawaza cherehani, nikawaza Dédé. Niliogopa kama mtoto.

"Hapana kilonda," alisema Yaya. "Hii homa inatoka fasi ingine."

Ilikuwa malaria. Sikupata kufikiri kwamba nitamshukuru Mungu kwa malaria.

Nilipoanza kula uji na kupata nguvu, ulimi wangu pia ulipona. Wageni walikuja na matunda na mimi niliwasimulia kisa cha mlangoni. Nilikisimulia vizuri. Niliiga sauti ya Yaya, niliiga buti za daktari, na nilipofika kwenye samaki watu walicheka wakashika mbavu. Nilijivunia kabisa. Kila nilipokianza, Yaya alichukua beseni akatoka kwenda kuliosha, hata kama lilikuwa safi. Niliona, lakini sikufikiria kitu.

Nyuzi zilitolewa. Daktari Mbuyu alibonyeza huku na huku, akasema, "Kilonda safi," kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine, maana ndivyo watu wa kazi nyingi wanavyoaga. Mama Kisimba alinishika mkono nilipopita. Nikamwachia matunda yangu.

Nyumbani Kikula, Yaya alikaa nami mpaka niliweza kuinama. Asubuhi aliyokuwa aondoke kurudi kwenye biashara yake nilimkuta uani, ameketi kwenye kigoda, kile kitenge cha chupa kikiwa mapajani. Alikuwa amekifua. Niliketi ngazini taratibu, mkono tumboni, kama nilivyokuwa nikiketi siku zile.

"Véro," alisema, "ya Dédé niliichunga."

Nikamuuliza ni nini alichokichunga.

"Dawa yake. Ilikuwaka. Baba yetu alituma chupa, minye nikazifunga mu kitenge. Ku mulango balizilomba. Nikasema haiko. Docta ule hakukataa, Dédé alikuwa anakufa na bulumi ya tumbo, akamupasula vile tu." Alikuwa anakunja kitenge na kukikunjua. "Nilisema, nitazitoa pale kilonda itaanza. Ilipoanza kunuka, njo nilizitoa. Zote. Hata moja sikubakisha."

Kuku wa jirani walikuwa wakiparua chini ya ukuta.

"Weye uliniuliza ku mulango juu ya samaki," alisema Yaya. "Lakini minye njo nilijibu."

Ndipo nilipoelewa uso ule niliouona nikiwa chali. Nilikuwa nimefikiri kwamba nimemfungua macho, na kumbe nilikuwa nimelitoa kinywani mwake mwenyewe neno ambalo alikuwa amelikimbia na ufagio mkononi miaka yote. Na kisha nilikuwa nimelisimulia kwa wageni mpaka wakacheka. Ulimi wangu mrefu haukuwa na hata neno moja la kumpa.

Mwishowe nilimuuliza, "Yaya, nani alikuambia ya kama inatangulia?"

"Hakuna."

"Hata muntu moja?"

"Balisemaka tu, dawa ya kilonda. Na pa ile saa kilonda ilikuwa haiyakuwako bado."

Nilimsogelea nikaketi karibu naye, na tukalia pale uani mchana kweupe, tukiwa tumeegemeana, mimi nikishika mshono wangu usiume. Nilimwomba anisamehe kwa vicheko vile. Alisema watu walihitaji kucheka.

Nilipokwenda kumwona Daktari Mbuyu mara ya mwisho, nilimuuliza kuhusu Dédé. Kama dawa ingetangulia, je, angepona? Alifikiri kwanza. Alisema hajui, kwamba utumbo ukishakufa na kuwa mweusi kabla ya kisu mara nyingi hata dawa haitoshi, lakini hajui, na hatanidanganya. Nilimpelekea Yaya maneno yote hayo, hata yale ya kutojua. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie tena, kisha akaenda kugeuza samaki wake juani.

Basi wewe unayengoja, nakuombea mafuta ya jenereta na daktari mkaidi. Uliza dawa gani itatangulia, na uielewe. Lakini usiishie hapo kama nilivyoishia mimi. Tafuta yule atakayeshika mfuko wako mlangoni, kabla ya siku yenyewe. Mkalishe chini, mwambie kwamba dawa itakwisha leo na kesho hakutakuwa na nyingine, na kwamba ndivyo inavyotakiwa. Akikataa, usimpigie kelele. Mwambie polepole, maana hujui alimzika nani akiwa na mfuko kama huo mkononi.